Kamera Yetu ya Carama, na Sifa Zilizolipiwa



Safari hii tunazungumzia kamera. Tunajua wako watakaouliza kamera inahusu nini kiwandani au katika shamba la chai. Inahusu mfuko. Mshahara ukimalizika kabla mwezi haujafika nusu, wengi wetu hutafuta kazi ya Jumamosi: huyu hushona, yule huchoma brosheti, na wengine hupiga picha za harusi. Sisi wa Carama, kaskazini mwa Bujumbura, tulikuwa wanane. Tulichangishana kwa miezi kumi, tukanunua kamera moja mpya pamoja na lenzi iliyokuja nayo ndani ya boksi.

Tuliichaguaje? Hapo ndipo aibu yetu ilipo. Tulikaa jioni nyingi tukitazama kwenye simu video za wapiga picha mashuhuri wa ng'ambo. Wote walisifu otofokasi yake, yaani ule uwezo wa kamera kujirekebisha yenyewe ili uso wa mtu utoke mkali bila mpiga picha kuzungusha lenzi kwa mkono. Walituonyesha mcheza mpira akikimbia na mbwa akiruka, kila picha kali kama wembe. Hakuna aliyetuambia ni nani aliyemlipia nauli ya kufika kwenye uwanja ule.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa sherehe ya mahari. Ilianza saa tisa, lakini wakwe walichelewa kama ilivyo desturi, jua likazama, umeme ukakatika, jenereta ikawasha balbu nne tu. Binti alipoingia amevaa imvutano, akifuatwa na shangazi zake, lenzi ilianza kwenda mbele na kurudi nyuma kama mtu anayetafuta funguo gizani. Ilipotulia, ilikuwa imeshika pazia lililo nyuma yake. Baada ya siku tatu tulimrudishia baba wa binti nusu ya fedha zake. Maneno aliyotupa hatutayaandika hapa.

Tulikasirika, kisha tukaanza kuuliza. Kamera hulenga kwa njia kuu mbili. Ya kwanza hulinganisha mwanga unaopita upande huu wa lenzi na ule unaopita upande wa pili. Mianga hiyo isipokutana sawasawa, kamera hujua lenzi isogezwe wapi na kwa kiasi gani. Ya pili husogeza lenzi huku na huko mpaka ione picha imefikia ukali wake wa juu, na hiyo ndiyo ile ya kutafuta funguo. Kamera nyingi za leo huzichanganya zote mbili. Lakini zote mbili zinahitaji mwanga, na zinahitaji kitu chenye tofauti ya weusi na weupe cha kushika. Uso katika giza la jenereta hautoi cha kutosha. Pazia lenye mistari hutoa.

Ufundi huu si mpya. Konica iliuza kamera ndogo ya kujilenga, C35 AF, mwaka 1977, na Minolta ikatoa 7000, kamera ya kubadilisha lenzi, mwaka 1985. Tangu hapo viwanda vimeshindana kwa namba. Mwaka 2019 Sony ilitangaza kwamba a6400 inalenga kwa sekunde 0.02. Ukishuka chini kwenye herufi ndogo unakuta kwamba kipimo kilifanywa na Sony yenyewe, kwa kufuata mwongozo wa umoja wa watengenezaji wa kamera wa Japani, na kwa lenzi moja iliyotajwa. Mwaka 2018 Canon ilisema EOS R yake inaweza kulenga katika mwanga ulio hafifu kuliko wa mwezi mpevu. Herufi ndogo zikasema: kwa lenzi ya f/1.2. Lenzi kama ile tuliyopewa sisi ndani ya boksi, ikivutwa mpaka mwisho wake wa f/5.6, huingiza mwanga mdogo zaidi ya mara 20 kuliko hiyo.

Hatusemi namba hizo ni za uongo. Wazee wa viwanda vya nguo wanazijua namba za aina hii. Mpima muda huja na saa yake kuweka kiasi cha kazi cha siku. Humchagua kijana mwenye nguvu, asubuhi na mapema, mashine imetiwa mafuta na uzi haukatiki. Kisha kiasi hicho hubandikwa ukutani na kudaiwa kwa mama mjamzito wa zamu ya usiku. Sekunde 0.02 ni kiasi cha namna hiyo. Na haisemi kabisa ni picha ngapi kati ya mia zitatoka kali mtu anapokujia huku anacheza.

Sasa turudi kwa wasifiaji. Novemba 2022 huko Marekani, Google na kampuni ya redio ya iHeartMedia zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 9.4 kumaliza mashtaka ya tume ya biashara ya serikali kuu na ya majimbo saba. Watangazaji wa redio walikuwa wameisifu simu ya Pixel 4 na picha zake za usiku, wakizungumza kana kwamba wameitumia wenyewe. Tume ilisema kwamba wakati wa kurekodi matangazo mengi, simu hiyo walikuwa hawajapewa. Matangazo hayo yalirushwa karibu mara 29,000. Picha za usiku, ndugu! Jambo lile lile lililotuaibisha mbele ya wakwe.

Agosti 2024 likatokea jingine. Watu waliokuwa wakipewa simu mpya za Pixel ili wazionyeshe walikuta sharti kwamba wakionekana kupendelea chapa nyingine, uhusiano utakatwa. Kelele zilipozidi, Google ilisema sharti hilo halikupaswa kuwamo, ikaliondoa.

Mpiga picha anayedhaminiwa hatumwiti adui. Naye anaishi kwa kazi yake, na mara nyingi hana mkataba wa kumlinda. Akitaja kasoro leo, safari ya kesho huenda asiitwe. Wengi wao hawasemi uongo hata mara moja. Wanaonyesha kile kilichofanikiwa na kunyamaza juu ya kilichoshindikana, na kazi yao hufanyika mchana, kwa lenzi ambayo bei yake inapita ya kamera. Na nyuso zilizo mbele yao mara nyingi si kama zetu. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kompyuta zinazokisia kama uso ni wa mwanamume au wa mwanamke: moja yao ilikosea kwa asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, na zile zile zilikosea kwa asilimia 0.8 tu au chini yake kwa wanaume weupe. Hazikuwa kamera za harusi, tunakubali. Lakini kamera za siku hizi nazo zimefundishwa kutafuta nyuso na macho kwa kuonyeshwa picha, na mnunuzi wa Carama hana sababu ya kudhani kwamba zilikuwa picha za watu wa Carama.

Basi tulifanya jaribio letu wenyewe, uani, saa moja na nusu usiku, chini ya balbu moja. Mwenzetu alitembea kutoka hatua ishirini akija kwenye kamera, tukapiga picha thelathini. Tuliweka shata kwenye 1/250 ya sekunde, kwa sababu picha huweza kuharibika hata kama kamera imelenga vizuri, mtu akisogea haraka kuliko shata. Dalili ni rahisi: ukuta wa nyuma au sikio likiwa kali na jicho likafifia, otofokasi ndiyo iliyokosa, kila kitu kikiwa kimevutika kama mchirizi, kosa ni la shata au la mkono. Kisha tulizitazama kwenye kompyuta ya kuazima, maana kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera husamehe kila kitu. Kwa lenzi ya boksi, picha kali hazikufika nusu. Tukaazima lenzi kuukuu ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo hakuna mtu mashuhuri anayeisifu siku hizi. Mtu yule yule, balbu ile ile: zilizoharibika zilikuwa chache mno.

Kumbe kamera haikuwa mbovu. Sisi tulikuwa tumetumia fedha zote kwenye kitu kilichosifiwa, tukabakiwa na lenzi isiyosifiwa na mtu yeyote. Laiti tungeomba saa moja ya kujaribu jioni kabla ya kulipa, hata kwa kuacha kitambulisho dukani, tungeliona hilo.

Kamera sasa inazunguka kwa zamu kati yetu wanane. Lenzi ya f/1.8 tunaichangia, imebaki michango ya miezi miwili. Kwa muda huu tunapokea kazi za mchana tu, na mkwe atakayechelewa tumekwisha mwambia mapema.