Mwanga na Kivuli katika Msitu wa Jozani

Mtu atokaye Ng'ambo kwenda kupiga picha katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, aghalabu hufika adhuhuri, kisha hulalamika kwamba kamera yake ni mbovu: mikoko imetoka nyeusi tititi, na anga imekuwa nyeupe tupu. Kamera haina kosa. Jicho hujirekebisha kila ligeukapo kutoka mwangani kuingia kivulini. Filamu, au kihisi cha kamera za leo, hupokea yote kwa kipimo kimoja.

Jambo hili si la urembo tu. Picha zipigwazo mahali palepale mwaka hadi mwaka huonyesha mikoko ilipokatwa. Picha nyeusi haionyeshi kisiki wala chipukizi.

Kipimo chenyewe kina dhana ndani yake. Kipima-mwanga hukisia kwamba kila kinachoonekana hurudisha mwanga wa wastani, takriban asilimia 18. Kwa hiyo mchanga mweupe wa Chwaka hutoka wa kijivu, na kivuli cha msituni hung'arishwa kupita kiasi, hata mgongo mwekundu wa kima punju ukapauka. Dawa ni kupima jani lililo katika mwanga uleule alimokaa mnyama.

Tena kuna suala la saa. Unguja iko karibu nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Jua huchomoza na kutua karibu wima, na utusitusi hudumu kama dakika 20 tu. Mwenye kungoja daladala ijae abiria, basi, ataukuta mwanga wa mshazari umekwisha kupita.