Kwa nini programu mpya za kompyuta huchelewa kufunguka

MTUMISHI wa ofisi abofyapo programu ya kutumiana ujumbe asubuhi, mara nyingi hubaki akitazama kioo kitupu huku kompyuta ikinguruma. Wengi huilaumu mashine, na baadhi huingia gharama ya kununua nyingine. Hata hivyo, sehemu kubwa ya chanzo imo ndani ya programu yenyewe.

Programu nyingi za sasa, zikiwamo Slack na Discord, zimejengwa juu ya Electron, kiunzi kilichoanzishwa na kampuni ya GitHub ya Marekani mwaka 2013. Kiunzi hicho humwezesha mtunzi kuandika programu kama aandikavyo ukurasa wa intaneti, nayo ikafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux pasipo kuandikwa upya. Ili hilo liwezekane, kila programu hubeba ndani yake kivinjari kizima cha Chromium, ambacho ndicho msingi wa Chrome. Ndiyo maana hata programu ya kuonyesha neno moja tu huzidi megabaiti 100. Aliyefungua programu tatu za namna hiyo, kwa hakika amefungua vivinjari vitatu.

Mzigo huo wote husomwa kutoka kwenye diski, kisha maagizo ya JavaScript huchambuliwa na kugeuzwa kuwa lugha ya mashine kabla dirisha halijawa tayari. Diski ya kuzunguka husoma vipande vilivyotawanyika vipatavyo 100 tu kwa sekunde. Zile zisizozunguka, yaani SSD, husoma maelfu kwa maelfu.

Kwa watengenezaji, utaratibu huu ni nafuu: kazi moja, mifumo mitatu. Anayelipa tofauti ni mtumiaji, kwa muda wake.

Si kwamba hakuna njia. Mwaka 2023 Microsoft iliiondoa Teams kwenye Electron na kuifanya itumie kivinjari kilichomo tayari ndani ya Windows. Kampuni hiyo ilisema programu ina kasi maradufu na hutumia nusu ya kumbukumbu. Visual Studio Code nayo imebaki na Electron, lakini huahirisha kupakia viongezo hadi vinapohitajika.

Kabla ya kununua kompyuta mpya, ifunge programu kabisa, kisha ifungue tena papo hapo. Ikifunguka upesi mara ya pili, mafaili yalikuwa yamebaki kwenye kumbukumbu, na kilichokuwa kikichelewesha ni diski. Kubadili diski ni rahisi kuliko kubadili mashine nzima.