Mbawakawa, Moto na Mipaka ya Serikali Nchini Kanada

Makala haya yanafafanua jinsi serikali za Kanada zilivyoshirikiana, na aghalabu zilivyochelewa kushirikiana, kupambana na mbawakawa wa misonobari pamoja na hatari ya moto wa msituni.

Mdudu mwenyewe hazidi punje ya mchele kwa ukubwa. Jike hutoboa gome, akachimba ujia na kutaga mayai humo. Huja pia na kuvu inayoziba njia za maji na kuutia mti rangi ya samawati kwa ndani. Mti hufia wima: mwaka unaofuata majani yake membamba kama sindano huwa mekundu, kisha hupukutika na kuacha gofu la kijivu.

Zamani baridi ndiyo iliyokuwa mlinzi wa misitu hiyo, kwani nyuzi 40 chini ya sufuri ziliwaua mabuu kwa wingi. Majira ya baridi yalipopungua makali, na maadamu miongo mingi ya kuzima kila moto ilikuwa imeacha misonobari mizee tele, mbawakawa walipata karamu. Kuanzia miaka ya 1990 walishambulia zaidi ya hekta milioni 18 katika jimbo la British Columbia, takriban theluthi moja ya ukubwa wa Kenya.

Je, mti uliouawa na mdudu huzidisha moto? Jibu si jepesi jinsi wanasiasa wanavyolitoa. Majani mekundu hushika moto upesi. Yakishapukutika, moto hukosa cha kurukia kileleni. Lakini miaka baadaye magogo huanguka, yakarundikana na kuwazuilia njia wazima moto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu magharibi mwa Marekani haukuona kwamba misitu iliyoshambuliwa iliungua kwa eneo kubwa zaidi. Ukame na joto vina uzito mkubwa.

Sehemu kubwa ya misitu ya Kanada humilikiwa na majimbo, ilhali mbuga za kitaifa ziko mikononi mwa serikali kuu. Kuhusu moto, mipaka hii ilivukwa mapema: mwaka 1982 kilianzishwa kituo cha pamoja mjini Winnipeg cha kugawana wazima moto, ndege na vifaa. Mdudu hakuharakishiwa hivyo. Serikali kuu ilitoa dola milioni 40 mwaka 2002, wakati mlipuko ulikuwa umekwisha kuota mizizi. Mwaka 2006 makundi makubwa yalipeperushwa na upepo kuvuka milima ya Rockies hadi Alberta. Jimbo hilo lilikata na kuchoma miti iliyoshambuliwa. Nalo jirani lake, Saskatchewan, likachangia gharama ya kazi iliyofanywa Alberta. Ni nadra serikali kutumia fedha zake kukata miti ya mwenziwe!

Hata hivyo, mbawakawa waliangamiza misonobari mingi katika mbuga ya Jasper, iliyomo ndani ya Alberta lakini chini ya serikali kuu. Julai 2024, baada ya siku za joto kali, moto uliosukumwa na upepo uliingia mjini Jasper na kuteketeza majengo 358 kati ya 1,113. Mabishano kuhusu nani alipaswa kuiondoa miti iliyokufa yalifika bungeni Ottawa. Kandokando ya mji miti ilikuwa imepunguzwa kwa miaka kadhaa. Hospitali na shule zilisalimika.