Thredi ya Bure na Bei Yake

Tuseme kuna kikundi cha akiba, AVEC ya wauzaji wa ndagala pale Makobola, Fizi, wanachama 60. Fundi amewatengenezea programu ya wavuti. Kila juma katibu anaandika michango kwenye simu yake, anabonyeza "Tuma", na kila mwanachama anapata mesaji ya kumwambia ametoa kiasi gani na akiba yake imefikia wapi. Siku ya majaribio, kwa wanachama watano, mambo yalikwenda vizuri. Walipoingizwa wote 60, ukurasa ulizunguka weee, kisha ukaleta kosa. Katibu akabonyeza tena. Kufika jioni, nusu ya kikundi wana mesaji mbilimbili na nusu nyingine hawana kitu.

Ni rahisi kuulaumu mtandao wa Makobola, lakini kosa kama hilo hutokea hata penye mtandao mzuri. Programu nyingi za wavuti za Python huendeshwa na Gunicorn, na Gunicorn, kwa mpangilio wake wa kawaida, huukata mchakato uliokaa kimya kwa sekunde 30. Kila mesaji ikichukua sekunde moja kupokelewa na kampuni ya simu, mesaji 60 ni dakika nzima, na kazi inakatwa katikati. Dawa yake inajulikana: ukurasa ujibu papo hapo kwamba kazi imepokelewa, na kutuma kufanyike nyuma, hata kama katibu ameshafunga simu na kwenda zake. Mnunuzi anachopaswa kuuliza ni kazi hiyo ya nyuma itafanyikia wapi. Kila mahali pana bei, na bei iliyo ndogo kuliko zote kwenye karatasi ya fundi ndiyo ya kusoma mara mbili.

Bei hiyo ndogo ni ya thredi. Programu ileile, ndani ya mchakato uleule, inafungua mkondo wa pili wa kazi na kuuacha uendelee peke yake. Ni mistari michache ya msimbo. Hakuna seva mpya, hakuna cha kusakinisha. Kwa kutuma mesaji inafaa kabisa, maana muda mwingi unapita katika kuusubiri mtandao, na Python, ambayo kwa kawaida haiachi thredi mbili zikokotoe kwa pamoja, haina ugomvi na thredi zinazosubiri. Ukiipa kutengeneza ripoti ya PDF ya kurasa mia, hapo ndipo watumiaji wengine watakapoanza kulalamika kwamba programu inaburuta miguu.

Ubaya wake ni kwamba thredi huishi ndani ya kumbukumbu ya mchakato. Mchakato ukifa, thredi inakufa nao, na haiachi orodha ya waliokuwa bado hawajatumiwa. Na michakato hufa mara nyingi kuliko mnunuzi anavyodhani. Heroku, kampuni inayokodisha seva, huziwasha upya mashine zake walau mara moja kwa siku, na kila inapozima moja huipa sekunde 30 tu za kumalizia. Mpango wake wa Eco, wa dolari 5 kwa mwezi, huilaza programu iliyokaa nusu saa bila mgeni. IIS, seva ya wavuti ya Microsoft, isipobadilishwa mpangilio, huzima programu isiyotembelewa kwa dakika 20. Anayeweka seva ndogo ofisini kwake Baraka, juu ya betri na paneli ya jua, hahitaji kusimuliwa na mtu.

Hata hivyo thredi si haramu, na mfano mzuri wa kazi ya nyuma inayofanyika ndani ya programu yenyewe uko karibu sana na watu wa Fizi. Kituo cha afya kikifunga mwezi, namba za malaria, chanjo na uzazi hupanda hadi ofisi ya zona ya afya na kuingizwa kwenye DHIS2, programu iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo ambayo wizara ya afya ya Kongo huitumia kwa takwimu zake, kama zinavyofanya Tanzania, Kenya na Uganda. Aliyeingiza namba asubuhi mara nyingi hazioni kwenye chati hadi kesho yake. Chati hazisomi namba mbichi. Zinasoma majedwali ya uchambuzi, ambayo kwa kawaida hujengwa upya usiku na kazi inayokwenda ndani ya programu ileile ya Java inayohudumia kurasa. Seva ikizimika saa nane za usiku, kesho chati zinaonyesha mambo ya juzi, watu wananung'unika, kazi inaanzishwa tena, basi. Hakuna namba iliyopotea, kwa kuwa namba mbichi zimekaa salama kwenye hifadhidata, PostgreSQL. Kazi unayoweza kuirudia tangu mwanzo bila mtu kudhurika, iache kwenye thredi. Risiti ya fedha za mama aliyeamka alfajiri kununua ndagala si kazi ya namna hiyo.

Kuna hasara nyingine ya thredi ambayo huonekana kwenye salio la mesaji. Mwongozo wa Gunicorn unashauri idadi ya michakato iwe mara mbili ya viini vya prosesa, ukiongeza mmoja. Seva yenye kiini kimoja itakuwa na michakato mitatu. Fundi akiweka ndani ya programu thredi ya ratiba, ile ya kukumbusha watu kila Ijumaa, na asiwe mwangalifu, kila mchakato utaanzisha ya kwake. Wanachama 60 watapokea mesaji 180, na kikundi kitalipia zote.

Mafundi waliosoma sana hupenda njia nyingine: foleni kwenye Redis au RabbitMQ, na mchakato wa pili, tuuite kibarua, unaochota kazi humo. Kwa Python mara nyingi kibarua huyo ni Celery, kwa Ruby ni Sidekiq. Ni vyombo vya maana, vimebeba kazi kubwa duniani. Lakini tazama hesabu. Heroku hulipisha kila mchakato peke yake: mashine ya Basic imetangazwa kwa dolari 7 kwa mwezi, hifadhidata ndogo ya PostgreSQL 5, Redis ndogo 3. Programu yenye thredi inatoka kwa dolari 12. Yenye kibarua na Redis, 22. Tofauti ni dolari 120 kwa mwaka, yaani dolari 2 kwa kila mwanachama, ili kufanya kazi ambayo kwa mwaka mzima haifiki saa moja. Mimi nisingelipa. Isitoshe, Redis ile ya dolari 3 haihifadhi chochote kwenye diski, na Celery, isipopangwa vingine, huifuta kazi kwenye foleni kabla tu ya kuianza. Kibarua akianguka katikati, kazi imekwenda. Umenunua ulinzi, na mlango bado uko wazi.

Ninayoipendelea iko katikati, nayo ni ya kizamani kidogo. Katibu anapobonyeza "Tuma", programu inaandika mistari 60 kwenye jedwali la hifadhidata iliyopo tayari, kila mstari na alama ya "bado". Kisha kroni, saa ya ratiba iliyomo katika karibu kila seva ya Linux, inaamsha programu ndogo kila dakika moja. Inachukua mistari ya "bado", inatuma, inaandika "imetumwa". Umeme ukikatika, unaporudi inaendelea palepale. Huenda mesaji moja, ile iliyokuwa mkononi, ikaenda mara mbili, moja inavumilika. Tangu toleo la 9.5 la Januari 2016, PostgreSQL inawezesha michakato miwili kuchota kwenye jedwali moja bila kugombania mstari. Waliotengeneza Rails, mfumo wa Ruby, nao, katika toleo la 8 la Novemba 2024, waliifanya foleni ya ndani ya hifadhidata kuwa chaguo la kawaida. Mwenye tovuti ya PHP kwenye seva ya kushirikiana hana thredi ya kuchagua, lakini kroni kwa kawaida anayo, kwa hiyo njia hii ni yake pia. WordPress tu ndiyo ya kuangalia: ratiba yake husogea pale mgeni anapofungua ukurasa, na tovuti isiyo na wageni haina saa.

Ukihamia kwenye seva ya kukodi nzima, hesabu inageuka. DigitalOcean hutoza dolari 6 kwa mwezi kwa mashine ya gigabaiti 1 ya kumbukumbu, na ndani yake unaweka programu, hifadhidata, kroni, hata kibarua, ili mradi viingie. Ni dolari 72 kwa mwaka dhidi ya 144 za Heroku. Lakini hapo usalama, nakala za akiba na kuiamsha seva ikianguka ni juu ya fundi wako, naye atataka malipo. Kampuni hizi hupokea kadi ya benki, si M-Pesa wala Airtel Money, na kadi mara nyingi huwa ni ya fundi. Hakikisha basi akaunti yenyewe na neno la siri viko kwa kikundi, kabla fundi hajapata kazi Bujumbura.

Na usilipe fungu la mwisho kabla ya jaribio moja. Fundi abonyeze "Tuma" mbele yenu, ahesabu hadi kumi, azime seva, aiwashe tena. Thredi tupu itakuwa imetuma mesaji kama kumi na kuzisahau hamsini. Jedwali litaendelea kuanzia pale lilipoishia. Akijibu kwamba seva yake haizimiki kamwe, baki na fungu lako.