Umeme, Mwangwi na Nguvu za Moyo

Kipevu, huko Changamwe, Mombasa, kunafahamika kwa mitambo ya umeme na meli za mafuta. Mkaazi wa huko akielezwa hospitalini kwamba "umeme wa moyo" wake una hitilafu, kisha atakiwe kupigwa picha ya altrasaundi, ana haki ya kuuliza: je, kipimo cha kwanza hakikutosha? Makala haya yananuia kulijibu swali hilo kwa Kiswahili.

Moyo hupiga kwa amri ya umeme mdogo unaoanzia chumba cha juu cha kulia, kisha ukashuka na kugawanyika katika tawi la kulia na la kushoto. Tawi la kushoto likizibika, umeme hulazimika kupenya misuli yenyewe, hivyo ukachelewa. Kipimo cha umeme huudhihirisha ucheleweshaji huo: wimbi ambalo kwa kawaida huchukua chini ya milisekunde 120 hurefuka. Hata hivyo, anayekagua nyaya hajajua bado kama pampu inasukuma maji.

Hapo ndipo altrasaundi inapohitajika. Kama vile nahodha anavyopima kina cha bahari kwa mwangwi, daktari hupeleka kifuani mawimbi ya sauti yasiyosikika, na mwangwi wake ukachora picha. Mwaka 1953, huko Lund, Sweden, Inge Edler na Hellmuth Hertz waliuchunguza moyo hivyo kwa kifaa walichoazima kutoka kiwanda cha meli cha Malmö, kilichotumiwa kutafuta kasoro ndani ya chuma.

Daktari huangalia mambo mawili. Kwanza ni nguvu. Chumba cha chini cha kushoto kikijaa mililita 120 za damu na kutoa 72, kimetoa asilimia 60, na hiyo ni hali njema. Asilimia 35 au chini yake ni udhaifu mkubwa. Pili ni mpangilio. Tawi la kushoto likiziba, ukuta wa kati hujikunja mapema ilhali ukuta wa pembeni ungali umelegea. Ni kama wavuvi wavutao juya bila kupatana: jasho lawatoka, samaki hawafiki pwani.

Vipimo hivi hukamilishana. Kipo kifaa kinachopandikizwa ili kuamsha pande zote mbili za moyo kwa pamoja. Mwaka 2013, utafiti wa EchoCRT ulibainisha kwamba wagonjwa ambao wimbi lao la umeme halikurefuka hawakufaidika nacho, ijapokuwa picha ilionyesha kuta zisizopatana. Isitoshe, vifo viliongezeka miongoni mwao. Picha pekee haikutosha, kama ambavyo umeme pekee hautoshi.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, funzo ni bayana. Kauli "moyo una shida" huficha mambo matatu: umeme, nguvu na mpangilio. Maneno ya kuyatenganisha tunayo tayari, nayo mengi ni ya kawaida. Yakitumiwa kwa uangalifu, mgonjwa ataridhia au kukataa tiba akiwa anaelewa.