KUWATAMBUA NYUNGUNYUNGU WA MBOJI NA WA CHAMBO

Mwanafunzi aliyepewa kazi ya kuanzisha pipa la mboji aghalabu hufanya jambo linaloonekana kuwa rahisi: huchukua jembe, huchimba penye unyevu, na kuwatia pipani nyungunyungu wote atakaowaona. Baada ya majuma machache maganda ya ndizi yangali yamelala kama yalivyowekwa, na nyungunyungu wametoroka au wamekufa. Mtu huweza kudhani kwamba ufugaji wenyewe hauwezekani. Lakini kosa halikuwa la pipa wala la maganda. Waliotiwa humo hawakuwa nyungunyungu wa mboji.

Aina za nyungunyungu zilizokwisha kuelezwa na wataalamu ni maelfu kadhaa. Zinazofaa kufugwa katika mabaki ya mimea ni chache sana, na zinazopendwa na wavuvi wa ndoana si lazima ziwe hizohizo. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Ndivyo walivyo na nyungunyungu.

Makao matatu

Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Kifaransa, Marcel Bouché, aliwagawa nyungunyungu kwa kufuata makao na chakula chao. Kundi la kwanza huishi juu ya ardhi, ndani ya majani yaozayo na samadi. Kundi la pili huishi ndani ya udongo wenyewe, na huumeza udongo huo ili kupata chembechembe za uozo zilizomo. Kundi la tatu huchimba mashimo marefu yaendayo chini wima, nao hutoka usiku kuja kuvuta majani na kuyaingiza shimoni.

Ngozi huonyesha makao ya mnyama. Wakaao juu ya ardhi huwa na rangi iliyokoza, nyekundu au zambarau. Wakaao ndani ya udongo kwa kawaida huwa wamepauka, kijivu au waridi hafifu. Wachimbaji wa mashimo marefu huwa wakubwa, na weusi wao umezidi upande wa kichwani. Pipa la mboji huhitaji kundi la kwanza tu. Mnyama aliyepauka, aliyechimbuliwa shambani, hukosa pipani udongo anaouishi na kuula.

Mkanda na pingili

Rangi peke yake haitoshi. Alama iliyo thabiti zaidi ni mkanda, ambao wanasayansi huuita klitelamu. Huu ni uvimbe unaozunguka sehemu ya mwili wa nyungunyungu aliyekomaa, nao ndio unaotengeneza vifuko vya mayai. Mtoto hana mkanda, kwa hiyo kumtambua kwa njia hii haiwezekani.

Mwili wa nyungunyungu umegawanyika katika pingili. Kichwa kiko upande ulio karibu zaidi na mkanda. Pingili ya kwanza ni ile yenye kinywa. Kijidomo kinachokifunika kinywa hakihesabiwi. Kwa kutumia kioo cha kukuzia, mwanafunzi huhesabu kuanzia hapo hadi kuufikia mkanda, kisha huandika namba ya pingili unapoanzia na unapoishia.

Nyungunyungu wa mboji anayefugwa zaidi duniani ni Eisenia fetida. Mkanda wake huanza kati ya pingili ya 24 na ya 26, na kuishia kwenye ya 32. Mwili wake una milia: mabaka mekundu yenye kutenganishwa na mistari ya manjano. Akishikwa kwa nguvu hutoa majimaji ya manjano yenye harufu mbaya. Ndugu yake, Eisenia andrei, hufanana naye isipokuwa yeye ni mwekundu mwili mzima, hana milia. Bouché alimtenga mwaka 1972 kama nususpishi, na baadaye wataalamu wakamkubali kuwa spishi kamili.

Perionyx excavatus, ambaye asili yake ni Asia, mara nyingi huuzwa pamoja na hao wawili kana kwamba wote ni mamoja. Yeye ni mwembamba na mwepesi wa kukimbia, na mgongo wake hung'aa kwa rangi ya buluu na zambarau ukielekezwa kwenye mwanga. Mkanda wake uko karibu sana na kichwa, kuanzia pingili ya 13 hadi ya 17. Mfugaji asiyemjua hushangaa asubuhi moja ya mvua anapowakuta wameondoka pipani kwa wingi.

Eudrilus eugeniae ni mzaliwa wa Afrika Magharibi. Ni mkubwa kuliko Eisenia, ana rangi ya zambarau yenye ukijivu, na mkanda wake huanza kwenye pingili ya 13 au ya 14 na kuishia kwenye ya 18. Huyu hufaa kazi zote mbili: hula mabaki kwa kasi, na unene wake humfanya awe chambo kizuri. Hata hivyo hupenda joto, na baridi kali humdhuru upesi.

Chambo kisichofaa kwa mboji

Lumbricus terrestris, ambaye asili yake ni Ulaya, ni mchimbaji wa mashimo marefu. Mkanda wake uko mbali na kichwa, pingili ya 32 hadi ya 37, na mkia wake umebapa. Huko Ontario, Kanada, huokotwa kwa mikono usiku mashambani, akauzwa kwa mamilioni kwa wavuvi wa Kanada na Marekani. Huyu hazaani upesi, na pipa fupi humnyima shimo lake.

Wa mwisho ni nyungunyungu warukao wa jenasi ya Amynthas, kutoka Asia ya Mashariki. Wakiguswa hujipindapinda kama nyoka. Mkanda wao ni mweupe, laini, haukuinuka, nao umeuzunguka mwili kote kwenye pingili ya 14 hadi ya 16. Vijinywele vyao vigumu vimeizunguka pingili nzima kama pete, ilhali Eisenia na Lumbricus wana jozi nne tu kwa kila pingili.

Madhara ya kutotambua

Misitu ya kaskazini ya Amerika, katika maeneo yaliyofunikwa na barafu hadi miaka zaidi ya 10,000 iliyopita, haikuwa na nyungunyungu wa asili. Wazungu walipohamia huko, nyungunyungu wa Ulaya waliingia pamoja na mimea na udongo, na baadaye chambo kilichosalia kikamwagwa kandokando ya maziwa. Wageni hao wameyala majani yaliyotandika sakafu ya msitu, na miche na maua yaliyotegemea tandiko hilo yakapungua. Amynthas nao wameongeza uharibifu. Katika jimbo la Wisconsin walithibitishwa mwaka 2013.

Maabara nazo huhitaji uhakika. Mwaka 1984 shirika la OECD lilitoa mwongozo wa kupima sumu ya kemikali kwa nyungunyungu, na Eisenia fetida ndiye aliyependekezwa. Ikiwa mnyama aliyepimwa ni wa aina nyingine, matokeo ya jaribio hayawezi kulinganishwa na ya maabara nyingine.

Kazi ya darasani

Mwalimu aweza kuwataka wanafunzi wakusanye nyungunyungu kumi waliokomaa kutoka samadi iliyooza, na kumi kutoka udongo wa shamba. Kila mmoja aoshwe kwa maji safi, awekwe juu ya karatasi iliyolowa, na mambo manne yaandikwe: rangi ya mgongo, pingili za mkanda, mpangilio wa vijinywele, na mwendo wake akiguswa. Tofauti za makundi hayo mawili zitaonekana katika jedwali lenyewe. Baada ya hapo kila nyungunyungu arudishwe mahali alipotolewa, na wale walionunuliwa kutoka mbali wasimwagwe porini wala mtoni.