Upasuaji wa utumbo: Amueni mgonjwa angali na nguvu

Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii tunaijua sote tangu shuleni, lakini kuna maradhi ambayo mtu huona haya hata kuyataja mbele ya mamake mzazi.

Tuseme, msomaji mpenzi, kwamba umejipumzikia nyumbani kwako Mombasa au Nairobi jioni ya Jumapili. Simu inalia. Ni mama anayepiga kutoka Magarini. Kwa sauti ya chini anakueleza kwamba mdogo wako, yule anayefanya kazi katika kiwanda cha chumvi kule Gongoni, anahara damu tena. Huu ni mwezi wa tano. Dawa za amiba amemeza mara tatu. Kwa mganga huko Marafa amepelekwa pia. Suruali zinamvuka kwa kukonda.

Na sasa daktari ametamka neno lililoitikisa familia nzima: upasuaji. Utumbo mpana utolewe wote, na choo kipitie kwenye tundu tumboni na kuingia mfukoni.

"Mwanangu, wewe ndiwe uliyesoma," mama anasema. "Je, tukubali?"

Utamjibu nini? Kabla hujafungua kinywa, yafaa kwanza uujue ugonjwa wenyewe.

Si alsa, si amiba

Ugonjwa huu madaktari huuita kolaitisi ya vidonda. Usiuchanganye na vidonda vya tumbo ambavyo wengi wetu tunaviita alsa. Alsa hutokea ndani ya tumbo lenyewe, au mwanzo wa utumbo mwembamba. Kolaitisi hushambulia utumbo mpana. Huanzia karibu na njia ya haja kubwa na kupanda juu. Utando wa ndani huvimba, ukachubuka na kutoa damu na kamasi. Mgonjwa huenda chooni mara kumi, usiku na mchana, na wakati mwingine hafiki.

Jina la ugonjwa huu lilianza kutumiwa na daktari Samuel Wilks wa London mwaka 1859. Hadi leo chanzo chake hasa hakijabainika. Kinachojulikana ni kwamba kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utumbo wa mwenyewe. Hauambukizwi kwa kula sahani moja na mgonjwa. Wala hakuna jirani wala mzee wa kijiji aliyemroga mdogo wako, na ni vyema uliseme hilo waziwazi nyumbani kabla maneno hayajaenea.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba maradhi kama haya ni ya Wazungu. Dkt Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa karibu miaka 20 kuanzia miaka ya 1940, alieleza kuwa maradhi mengi ya utumbo yaliyoenea Ulaya yalikuwa nadra kwa Waafrika. Yeye alihusisha tofauti hiyo na vyakula vyetu visivyokobolewa.

Lakini nadra si kusema hakuna. Mhudumu wa zahanati akiona damu chooni huwaza amiba na kuhara damu kwa kawaida, na hakosei, kwani hayo ndiyo anayoyaona kila siku. Kosa ni kurudia dawa ile ile mara ya tatu na ya nne bila kupima zaidi.

Damu ikiendelea kwa majuma kadhaa baada ya dozi kumalizika, mgonjwa anahitaji kupimwa choo na damu, kisha kuchunguzwa kwa kolonoskopi. Huo ni mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa. Daktari hutazama utumbo na kuchukua vipande vidogo vya nyama kwa uchunguzi wa maabara.

Uchunguzi huu una sababu nzito. Kifua kikuu cha utumbo kinaweza kufanana na kolaitisi. Isitoshe, dawa za steroidi zinazotuliza kolaitisi zinaweza kumdhuru vibaya mtu ambaye kumbe shida yake ni amiba. Kwa hivyo, swali la kwanza la kumuuliza mama ni hili: Je, alipimwa kwa kamera?

Kisu huja lini?

Usitishike mapema. Wagonjwa wengi wa kolaitisi huishi na dawa na hawafiki katika chumba cha upasuaji. Kuna mesalazini na salfasalazini za kutuliza utumbo. Kuna steroidi kama prednisoloni kwa wakati ugonjwa umepamba moto. Kuna azathioprini, na kuna sindano mpya zaidi kama infliksimabu, ingawa hizi bei yake ni kali.

Hata hivyo, kuna hali tatu ambapo daktari hulazimika kuzungumzia kisu.

Ya kwanza ni dharura. Mwaka 1955 madaktari Truelove na Witts wa Oxford walieleza dalili za hatari ambazo zinatumika mpaka leo: kwenda haja mara sita au zaidi kwa siku pamoja na damu, huku kuna homa, moyo kwenda mbio kupita mapigo 90 kwa dakika, au upungufu wa damu. Mtu kama huyo hulazwa na kupewa steroidi kwa mshipa. Baada ya siku kama tatu, madaktari huangalia kama kuna nafuu. Isipokuwapo, hubadilisha dawa au humwita mpasuaji. Utumbo mpana ukitanuka kupita sentimita 6, ukitoboka, au damu ikikataa kukoma, hapo hakuna tena mjadala.

Ya pili ni pale dawa zinaposhindwa, au mgonjwa anapokuwa hawezi kuishi bila steroidi. Dawa hizo zikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na kuvimbisha uso.

Ya tatu ni saratani. Ugonjwa ukikaa mwilini miaka mingi, hatari ya saratani ya utumbo huongezeka. Ndiyo maana madaktari hushauri uchunguzi wa kamera wa mara kwa mara baada ya miaka kama minane.

Hapa ndipo familia nyingi zinapoteleza. Upasuaji huchukuliwa kama adhabu ya mwisho, kitu cha kukubaliwa wakati mgonjwa hawezi tena kuinua kichwa. Mambo ni kinyume kabisa. Anayepasuliwa kwa mpango, akiwa amelishwa, ameongezwa damu na steroidi zimepunguzwa, ana nafasi nzuri sana ya kupona. Anayefikishwa usiku wa manane utumbo ukiwa umetoboka anapigania roho yake, na hata mpasuaji hodari hana mengi ya kuchagua.

Kutoka Marafa hadi Malindi ni mwendo, na kutoka Malindi hadi Mombasa ni kiasi cha kilomita 120 zaidi. Safari hiyo ni afadhali mgonjwa aifanye akiwa ameketi kuliko akiwa amelazwa.

Njia mbili

Iwapo si dharura, daktari atawaeleza njia mbili.

Njia ya kwanza ni kutoa utumbo mpana wote pamoja na sehemu yake ya mwisho. Ncha ya utumbo mwembamba hutolewa nje upande wa kulia chini ya kitovu. Mdomo huo huitwa stoma. Ni mwekundu na una unyevu kama ndani ya shavu, na hauna hisia ya maumivu ukiguswa. Choo chepesi hutokea hapo na kuingia katika mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Njia hii ni ya kudumu, lakini huumaliza ugonjwa wa utumbo mpana, maana utumbo wenyewe haupo tena.

Njia ya pili ilielezwa na wapasuaji Alan Parks na John Nicholls wa London mwaka 1978. Utumbo mwembamba hukunjwa na kushonwa uwe kifuko ndani ya mwili, kisha huunganishwa na njia ya kawaida ya haja. Kazi hii hufanywa kwa awamu mbili au tatu, na mgonjwa hukaa na mfuko wa nje kwa muda tu. Baadaye huenda haja kwa njia yake, ingawa ni mara nne hadi nane kwa siku. Kifuko hicho nacho huweza kuvimba na kuhitaji dawa.

Kwa mwanamke ambaye bado anatarajia kuzaa, jambo hili lizungumzwe mapema. Upasuaji wa kifuko unaweza kupunguza uwezo wa kushika mimba, na baadhi ya wanawake huahirisha awamu hiyo hadi wapate watoto.

Muulizeni daktari bila kuogopa: Umefanya upasuaji huu mara ngapi? Ni nani atakayetufundisha kubadilisha mfuko? Mifuko tutaipata wapi tukirudi Magarini, na kwa bei gani? Mwombeni pia aweke alama mahali stoma itakapokaa, mgonjwa akiwa amesimama na ameketi, ili mkanda wa suruali usije ukaisugua.

Kuhusu gharama, hakikisheni mgonjwa amejiandikisha na michango yake imelipwa kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Ulizeni hospitalini kabla ya siku yenyewe bima italipa kiasi gani, ili harambee ya familia ijue inachangia nini.

Mchezaji aliyerudi uwanjani

Iwapo mdogo wako ni shabiki wa Manchester United, mkumbushe Darren Fletcher. Kiungo huyo kutoka Scotland aliugua kolaitisi hii hii. Desemba 2011 klabu yake ilitangaza kwamba anapumzika kwa sababu ya ugonjwa. Alijaribu kurudi, akashindwa. Januari 2013 alipasuliwa. Wengi walidhani amekwisha, lakini Desemba mwaka huo huo alirejea uwanjani dhidi ya Aston Villa. Mwaka 2015 alihamia West Bromwich Albion na huko akawa nahodha.

Si kila mgonjwa atakayerudi kucheza ligi kuu. Lakini kijana anayeamini kwamba kisu ni mwisho wa uanaume wake anastahili kuisikia habari hiyo.

Kurudi nyumbani

Mgonjwa asipopata matatizo hukaa hospitalini takriban wiki moja. Atarudi akiwa mchovu kuliko alivyotarajia, na pengine akiwa na huzuni. Usimkemee kwa kulia. Mwili wake umebadilika na anahitaji muda wa kuuzoea.

Kwa wiki sita hadi nane za mwanzo asiinue kitu kizito, wala mtungi wa maji wala gunia la chumvi. Akifanya pupa, nyama za tumbo zinaweza kuachana kando ya stoma. Anayefanya kazi ya nguvu azungumze na mwajiri wake kuhusu kazi nyepesi.

Aliye na mfuko huumwaga mara nne hadi sita kwa siku na kuubadilisha kila baada ya siku chache. Ngozi husafishwa kwa maji ya vuguvugu na kukaushwa vizuri. Mifuko ya akiba iwekwe mahali penye baridi, kwani joto letu la pwani huharibu gundi.

Joto hilo ndilo adui mwingine. Utumbo mpana ndio uliokuwa ukinyonya maji na chumvi, na sasa haupo. Madafu ni mazuri, lakini yana chumvi kidogo mno. Mgonjwa akipoteza maji mengi, apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mfuko ukitoa zaidi ya lita moja na nusu kwa siku, au akiona kizunguzungu na mkojo umepungua, aende hospitali.

Kwa upande wa chakula, aanze na wali laini, samaki, ndizi na viazi. Korosho, mahindi ya kuchoma, machicha ya nazi na maembe yenye nyuzi ayaache kwa wiki za kwanza. Baadaye aonje kidogo kidogo na kutafuna sana, kwa kuwa vyakula hivyo huweza kuziba utumbo. Tumbo likinyonga, atapike, na mfuko ukae mtupu kwa saa kadhaa, hiyo ni dharura.

Ibada haizuiliki. Muislamu amuulize sheikh wake kuhusu udhu wa mwenye udhuru, na amshauri daktari kabla ya kufunga Ramadhani. Ndoa nayo haizuiliki. Watu wenye mifuko huoa, huolewa na kuzaa. Kinachohitajika ni kumweleza mwenzako ukweli.

Basi, msomaji, mpigie mama simu. Mwambie upasuaji si hukumu ya kifo, ila mashauri yafanyike sasa, mdogo wako angali anatembea. Muulize kama alichunguzwa kwa kamera. Mwombe daktari aeleze kwa nini dawa zimeshindwa na ni njia ipi anayoipendekeza. Halafu mpe simu mdogo wako azungumze mwenyewe, kwa sababu utumbo ni wake na uamuzi wa mwisho ni wake.

Na akikubali, usitume pesa tu kwa simu. Panda gari uwe naye pale kitandani, ujifunze pamoja naye kubadilisha ule mfuko wa kwanza. Akiona ndugu yake haoni kinyaa, naye ataacha kuona haya.